Ulimwengu wa kununua, wa kujitungia au wa kukopa Mvita: upi ufae meza yako?

Ukitaka kuendesha mchezo wa kuigiza mezani, ambao msimuliaji huweka kisa na wachezaji huigiza wahusika wake kwa dadu, kanuni si tatizo tena. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, toleo la tano, ziko chini ya leseni ya Creative Commons. Unazipakua bure, unazichapisha saiba, na ukitaka kuzitafsiri kwa Kiswahili uwagawie wenzako hakuna wa kukuzuia, mradi utaje zilikotoka. Dadu nazo, ikiwa seti kamili ya pande 4 hadi pande 20 haipatikani dukani, zimo kwenye simu. Kinachomkwamisha msimuliaji mpya wa Mombasa ni jambo jingine: hao wahusika wataishi wapi? Mji gani, bahari gani, nani anatawala na nani anamchukia mtawala huyo?

Njia kubwa ni tatu, na ya nne ni fupi. Nazilinganisha kwa mambo yanayoziumiza meza za huku: muda wa kujiandaa, lugha inayozungumzwa mezani, watu walioketi, na kinachotokea kikao kinapovunjika kwa sababu wachezaji wawili wako Likoni na feri haivuki. Ninakoegemea nakuambia mapema ili usome ukijua: mji mmoja wa bandari, uliokopwa kwenye historia ya pwani na kubadilishwa majina. Lakini ziko meza ambazo ningezikataza njia hiyo, nazo nitazitaja.

Ulimwengu wa kununua

Maarufu kuliko yote ni Forgotten Realms. Ed Greenwood, Mkanada, alianza kuutunga akiwa mtoto katika miaka ya 1960, kabla hata mchezo wenyewe haujazaliwa mwaka 1974. Ulichapishwa rasmi 1987 na haujaacha kuongezwa hadi leo. Ukiuchagua unapata miji mikubwa kama Waterdeep na Baldur's Gate ikiwa na ramani, vyama vya siri, miungu, bei za vitu na visa vilivyokwisha kupangwa. Kwa msimuliaji anayefanya kazi ya zamu bandarini, au mwenye watoto wadogo nyumbani, hiyo si faida ndogo. Unafungua kitabu baada ya Alasiri, na baada ya Isha unaendesha mchezo.

Eberron, uliotoka mwaka 2004, una tabia nyingine ninayoipenda zaidi. Keith Baker aliutunga kwa shindano ambalo wachapishaji waliita watu walete mawazo ya ulimwengu mpya, na lake likachaguliwa kati ya maelfu. Nchi moja humo iliangamia kwa siku moja, na vitabu rasmi havijasema kamwe ni nini kilichoiangamiza. Wameacha wazi kwa makusudi ili kila meza iamue. Ukinunua ulimwengu, tafuta wenye matundu ya namna hiyo.

Kasoro ya kwanza ya kununua ni lugha. Ulimwengu huo unazungumza Kiingereza. Mchezo unaweza kuanza kwa Kiswahili kizuri, lakini mhusika akikutana na lordi wa Waterdeep sentensi inageuka Kiingereza, na mzaha wa mezani unakauka. Wachezaji wa Mombasa ni hodari wa kuchezea maneno. Ukiwanyima nafasi hiyo unawapunguzia nusu ya raha.

Kasoro ya pili ni mjuaji. Tangu mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 utoke mwaka 2023, kila meza ina mtu mmoja anayeujua mji huo kuliko msimuliaji. Unasema lango liko mashariki, anakohoa.

Ya tatu inagusa sisi zaidi. Katika Forgotten Realms, sehemu inayofanana na Afrika inaitwa Chult: rasi ya msitu mnene, dainosaria na wafu wanaotembea. Kusini zaidi kuna Zakhara, iliyotoka mwaka 1992 chini ya jina Al-Qadim, yenye masultani, makadhi na majini. Mtu wa Mji wa Kale akisoma Zakhara anakutana na mambo ya jirani yake kama alivyoyaona mtu aliye mbali sana, aliyeyajua kwa filamu. Si lazima ukasirike. Vitu vingine humo vimetungwa vizuri. Ila utajikuta unasahihisha kila ukurasa, na ukisahihisha kila ukurasa heri ungeandika wako.

Kumbuka pia kwamba leseni ya bure inahusu kanuni. Forgotten Realms haumo. Ikiwa ndoto yako ni kuja kuuza kitabu chako siku moja, mji ulionunuliwa hautakuwa wako hata ukiuendesha miaka kumi.

Kujitungia kutoka tupu

Hapa kuna njia mbili zinazoitwa kwa jina moja, na watu wengi hupotea kwa kutozitofautisha.

Njia ya juu kwenda chini huanza na bara zima. Unachora mabara matano, unatunga jinsi dunia ilivyoumbwa, nasaba za wafalme wa miaka elfu tatu, lugha mbili na kalenda. Ni raha tupu kwa anayeandika. Kwa anayecheza, karibu hakuna kitu. Mchezaji wako anataka kujua kama mlinzi wa mlango anahongeka, nawe unamweleza vita vya enzi ya pili. Greenwood alikuwa na miaka ishirini na ushei kati ya kuanza na kuchapisha. Wewe una Jumamosi ijayo.

Njia ya chini kwenda juu huanza na mahali padogo: mtaa, kisima, shimo moja la hatari na watu sita wenye shida zao. Ndivyo mchezo huu ulivyozaliwa hasa. Dave Arneson na Gary Gygax walianza na ngome na mashimo yaliyo chini yake. Miji na nchi zilifuata wachezaji walipotaka kutoka nje. Ulimwengu wa Gygax, Greyhawk, ulichapishwa kama nchi yenye ramani mwaka 1980, wakati watu walikuwa wameshaucheza kwa miaka.

Nikilinganisha hizo mbili, sioni mashindano. Juu kwenda chini ni uandishi, na kama unachokitaka ni uandishi, andika bila aibu, usimwite mtu mezani. Chini kwenda juu ni mchezo. Hatari yake ni kupingana na maneno yako mwenyewe: kikao cha pili umesema shehe wa mji ni mzee kipofu, cha saba anasoma barua. Daftari moja la shilingi chache linatosha, ukiandika baada ya kila kikao ulichokisema kwa bahati mbaya.

Kikwazo kikubwa cha kutunga kutoka tupu ni kwamba kila kitu lazima kielezwe. Ukitunga nchi ambamo watawala huitwa Vorathi na sarafu huitwa dremu, kila jina linakula dakika. Meza ikikutana mara moja kwa mwezi, majina hayo hayakumbukwi. Ndiyo sababu watu wengi wanaojitungia huishia kuiga Ulaya ya zamani bila kukusudia, kwa maana ndiyo iliyomo vitabuni na kwenye filamu: baa ya mbao, mhudumu mnene, mvua ya baridi. Mtu anatunga ulimwengu wake mwenyewe barazani Kibokoni, kanzu imemgandama kwa jasho, na mhusika wake anaota moto wa kuni kwa sababu ya theluji.

Kukopa historia

Hii ndiyo njia ninayoipa nafasi kubwa, kwa sababu inatatua tatizo hilo la kueleza. Ukimwambia mchezaji wa Mombasa kwamba liwali amemtuma akida aulize kwa nini nahodha hajalipa ushuru, ameshaelewa nani mkubwa, nani mtumwaji na nani yuko mashakani. Mwinyi, diwani, kadhi, serahangi, tajiri wa chombo: kila cheo kinakuja na heshima yake, namna ya kusalimiwa, na namna ya kukashifiwa kwa mafumbo. Siasa ya mji unaipata bure.

Mombasa inakupa milango mitatu mizuri ya kuingilia, na kila mmoja unaleta kampeni, yaani kisa kirefu cha vikao vingi, ya aina yake.

Mwaka 1589 ni wa vita. Waturuki chini ya Mir Ali Bey walikuwa kisiwani, manowari za Wareno kutoka Goa zikaja kuwashambulia baharini, na upande wa bara Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walikuwa wakisubiri kuvuka. Pande tatu, kisiwa kimoja chenye kilomita za mraba 14 hivi, na watu wa mji katikati. Wahusika wa ngazi za chini wanaotakiwa tu kuitoa familia moja kisiwani kabla kivuko cha Makupa hakijaanguka wana kazi ya vikao sita bila wewe kutunga zimwi hata moja.

Mwaka 1631 ni wa fitina. Yusuf bin Hasan, ambaye baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, alilelewa Goa, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme wa kuwatii. Agosti mwaka huo alimuua kapteni wa ngome na kuitwaa, na mwaka 1632 akaondoka zake na chombo akawa haramia. Msimuliaji gani atatunga mtu mwenye utata kuliko huyo? Meza inayopenda mazungumzo kuliko mapigano ianzie hapa, miezi kadhaa kabla ya Agosti, kila mchezaji akiwa na sababu ya kuwa upande tofauti.

Mwaka 1696 ni wa kuvumilia. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Maradhi yaliua watu wengi ndani kuliko mizinga, na mwaka 1697, Wareno walipokuwa wamekwisha, aliyeshika uongozi wa ulinzi alikuwa Bwana Daud wa Faza. Mwaka huohuo manowari ya Santo António de Tanná, iliyokuja kuokoa, ilizama mbele ya ngome. Kwa kampeni ya kuhesabu maji, unga na watu, sijui pazuri kuliko hapo. Na ngome yenyewe unaweza kwenda kuipima kwa miguu kabla ya kikao. Hilo Waterdeep haikupi.

Umbali nao unakuwa rahisi. Kanuni zinasema kikundi kinatembea maili 24 kwa siku, yaani kama kilomita 39. Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi: siku tatu na kidogo kwa miguu. Kwa bahari ni jambo jingine kabisa. Vasco da Gama aliondoka Mombasa Aprili 13, 1498, na kesho yake alikuwa Malindi. Tofauti hiyo peke yake ni uamuzi wa mchezo. Tupande chombo cha mtu tusiyemwamini, au tutembee siku tatu?

Halafu kuna pepo. Vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, kuanzia Desemba hivi, vikarudi na kusi kuanzia Aprili. Aliyechelewa alikwama hadi msimu ugeuke. Ni saa inayohesabu bila msimuliaji kuigusa: shahidi wa mauaji ni baharia wa Maskati, na pepo zikigeuka ameondoka naye nahodha wake. Katika ulimwengu wa kununua ningehitaji unabii au laana ili wachezaji waharakishe. Hapa nahitaji upepo tu.

Sasa ubaya wa njia hii, nao si mdogo.

Historia ina wenyewe. Thenashara Taifa za Waswahili wa Mombasa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, si koo za kitabuni. Mchezaji aliyeketi kulia kwako huenda ni mmoja wao, na babu yake ana simulizi tofauti na uliyoisoma. Ukimfanya mtu wa ukoo fulani msaliti, mchezo umekwisha na ugomvi umeanza. Ndiyo maana nasema ubadilishe majina. Mvita igeuke mji mwingine, Yusuf awe mfalme mwingine, ngome iwe na umbo jingine. Ubaki na mifupa. Pia unajiokoa na mjuaji wa aina ya pili, anayekukatiza kwamba mwaka huo kapteni hakuwa huyo.

Majini ni suala la pili. Katika kitabu cha kanuni jini ni zimwi lenye pointi za uhai na silaha. Mezani Mombasa huenda kuna mtu ambaye kwake hilo si jambo la kuchezea, na mwingine ambaye mamake hataki kusikia mazungumzo hayo sebuleni. Fanyeni kikao cha kwanza bila dadu, cha kuulizana tu nini kisiguswe. Kama majini hayatakiwi, bahari ina viumbe vya kutosha.

La tatu ni makaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda. Mchezo huu ulijengwa juu ya kuingia mahali pa kale na kutoka na mali. Misitu ya kaya za Mijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, inaonekana kwa mgeni kama mahali hasa pa kisa cha namna hiyo, nami ningependa uiache. Vigango, nguzo za kumbukumbu za wafu, vimeibwa kweli na kuuzwa hadi kwenye makumbusho ya Marekani, na vingine vimerudishwa. Ukitaka kugusa jambo hilo, geuza kisa: wahusika wakodiwe na wazee kurudisha nguzo iliyoibwa, na mwizi awe mfanyabiashara mwenye adabu ambaye kila mtu mjini anampenda. Kisa hicho kina uzito kuliko kupora kaburi, na hazina bado ipo, kwa maana mfanyabiashara huyo ana ghala.

Na vibete na watu wa masikio marefu, ambao kanuni zinawaruhusu wachezaji kuwaigiza, waende wapi? Wengine huwaondoa kabisa. Mimi huwashusha chomboni. Mji wa bandari haushangai mgeni, unamtoza ushuru.

Kutunga pamoja mezani

Njia ya nne inafaa kundi ambalo hakuna anayetaka kubeba mzigo peke yake. The Quiet Year, mchezo wa Avery Alder wa mwaka 2013, unatumia karatasi moja na karata za kawaida 52. Kila aina ya karata ni msimu mmoja, kila karata ni wiki, na wachezaji wote huchora ramani ya jamii moja kwa zamu. Jioni moja inatosha. Mwisho mnabaki na mji wenye visima, hofu na magomvi ambayo kila mtu ameyachangia, na siku inayofuata mnauendeshea kampeni. Kasoro ni kwamba msimuliaji hana siri, kwa hiyo kisa cha upelelezi kinakuwa kigumu. Na kuna meza ambazo karata haziwekwi sebuleni kwa sababu ya kamari. Hapo andikeni namba kwenye vikaratasi.

Nani achukue upi

Kama hujawahi kuendesha mchezo hata mara moja, nunua, au pakua kisa kifupi cha bure, ukiendeshe kama kilivyo. Utajifunza kanuni bila kuhangaika na kutunga. Meza yenye watu waliotoka pande mbalimbali, Mkamba, Mjaluo, Mdigo, Mhindi na mtu wa Lamu, haiwi na tatizo na kukopa historia ya pwani ikiwa umebadilisha majina. Lakini ikiwa mtu mmoja tu ndiye mwenyeji na wengine wote wageni, atageuka mwalimu wa somo la historia na mtamchosha. Kwa meza hiyo tungeni pamoja.

Vijana wa sekondari mara nyingi hawataki mji wao. Wanaota Waterdeep kwa sababu si Mombasa, na sioni haja ya kubishana nao. Ukiwalazimisha pwani watakuigizia watalii.

Kwa watu wazima wanaokutana kwa shida, wenye kazi, ndoa na mazishi bara, mji wa bandari uliokopwa ndio unaovumilia kuliko yote. Mchezaji asipokuja, mhusika wake amepanda mashua kwenda Pate kwa biashara, hakuna anayeuliza. Kampeni ya safari ndefu ya kununua haiwezi hilo, kwa maana asiyekuja ameachwa katikati ya pango na kila mtu anashangaa aliko.

Ramadhani pia ipangie mapema. Meza nyingine hucheza baada ya tarawehe, nyingine husimama mwezi mzima. Ikiwa yako husimama, funga kikao cha mwisho cha Shaabani pepo zikigeuka: vyombo vya kigeni vinang'oa nanga, soko linapungua, na kila mchezaji anakuambia kwa sentensi moja mhusika wake atafanya nini hadi kaskazi irudi. Baada ya Idi unawasomea majibu yao, unataja nahodha gani karudi na nani hakurudi, na nani sasa anadaiwa riale ngapi, kisha mnarusha dadu.